Ufunguo wa Safu ya Kwanza

"Hivi baba yako hulala saa ngapi, mwanangu?" Jirani yao, Mama Nasrin, aliwahi kumuuliza Mehrin wakiteka maji bombani. Mehrin akacheka, akajitwika ndoo yake.

Baba yake, Ghulam, alifuma vitambaa usiku katika kiwanda cha Haji Karamat, mjini Faisalabad, Pakistan. Zamani kila mfumaji alisimamia mitambo miwili. Sasa ilikuwa minne, mpaka kunakucha, bila kuketi. Mlango ulitiwa kufuli kwa nje, mtu asije akatoka kujinyoosha, na ufunguo alikaa nao Haji mwenyewe. Na Haji huyohuyo, kila magharibi ya Ramadhani, alipeleka masufuria ya pilau msikitini, watu wakamwombea dua.

Mehrin ndiye aliyempelekea baba daku, akimpitishia chapati na dengu kwenye nondo za dirisha.

"Kula upesi, Baba, adhana hiyo inakuja."

"Nitakulaje, mama, na mitambo hainisubiri?" Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. "Jana nililala nimesimama. Kama punda wa mkokoteni!"

Alfajiri moja, adhana imekwisha, Mehrin alikuwa akirudi na bakuli tupu aliposikia mayowe. Ghulam alikuwa amesinzia. Nyuzi zilikwama, mtambo ukatoa cheche, na pamba iliyojaa sakafuni ikashika moto. Mikono ikang'ang'ania nondo.

"Ufunguo! Mkimbilie Haji!"

Alikimbia mpaka msikitini. Swala ilikuwa imekwisha kuanza, Haji yuko safu ya kwanza. Tangu utotoni Mehrin alifundishwa asipite mbele ya anayeswali, sembuse kumsemesha. Akasimama penye viatu. Kisha akapiga kelele:

"Haji! Ufunguo! Watu wanaungua!"

Mabega yalishtuka, lakini hakugeuka mtu. Haji alizidi kukaza mikono kifuani. Ndipo Sheikh Yunus, imamu, akakatiza kisomo katikati ya aya, akageuka.

"Haji, ufunguo uko wapi?"

Haji alikuwa bado amefumba macho. Sheikh akatia mkono mwenyewe mfukoni mwa Haji, akautoa, akakimbia pekupeku.

Yeye na waumini waliomfuata waliwatoa wafumaji wote wakiwa hai. Ghulam alikohoa makohozi meusi, na viganja vyake vilibabuka.

Magharibi pilau ikaja msikitini kama kawaida. Hakuna mfumaji aliyenyoosha mkono.

"Sheikh, umenivunjia swala mbele ya watu," Haji alisema.

"Swala hulipwa, Haji. Roho hailipwi." Sheikh akamgeukia Mehrin. "Mwanangu, hukukosa. Kuokoa roho hutangulia swala. Mtume wetu alisema wanaotutumikia ni ndugu zetu: tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha, tuwasaidie. Anayelisha maskini jioni akamfungia nduguye usiku, dini ameishika nusu." Akamtazama Haji. "Mlango wazi, mitambo miwili, na muda wa kupumzika. Bila hayo, pilau hii hatuli."

Haji alimwangalia Ghulam, mikono imefungwa bendeji, binti yake akimlisha tende. Akatoa mfukoni lile kufuli, alilokuwa ameliokota mlangoni mwa kiwanda, akaliweka juu ya mkeka.

"Kuanzia leo, iwe hivyo," alisema kwa sauti ya chini.

Akainuka, akavaa viatu, akatoka.