Nyuma Anakaa Nani?

"Bado inarusha," alisema Mtanashati, akifuta vumbi la gereji kwenye kiatu chake kwa kitambaa. "Jana mama kafika nyumbani analia na mgongo."

Fundi alijitoa chini ya gari la mteja mwingine, kilemba na uso vimejaa grisi. Ndani ya wiki mbili, hii ilikuwa mara ya tatu mchumba wake kulirudisha lile gari dogo jeupe, na lalamiko ni lile lile: nyuma ni gumu.

"Springi nimebadilisha, shokapu nimelegeza," alisema Fundi. "Kwa uzito wa mama, nikilegeza tena matairi yatasugua bodi."

"Legeza tu, mpenzi. Au mgongo wa mkweo si mgongo?"

Kila mteja aliyetaka gari lilainishwe nyuma, Fundi alimuuliza swali moja kwanza: nyuma anakaa nani? Mtanashati alijibu bila kupepesa macho. Gari lilikuwa la mama yake, aliachiwa na marehemu mumewe, lakini mgongo umemzuia kuendesha, siku hizi anakaa nyuma. Na mama mkwe alikuwa mwanamke mwenye mwili wake. Akikaa kwenye kochi, wewe wa pembeni unainuka. Fundi akalala chini ya gari Jumapili nzima kwa mapenzi ya mkwe. Harusi ilibaki wiki tatu. Pete yake ya uchumba ilining'inia kwenye msumari juu ya meza ya spana, maana kazini hakuivaa.

Mtanashati alipotoka kwenda kununua soda, Fundi akapiga simu.

"Shikamoo mama. Mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Mgongo upi?"

"Wako. Unaorushwa na gari."

"Gari lipi tena? Si mwenzio kaniambia liko kwako gereji mwezi mzima? Mimi natembea kwa miguu, na mgongo wangu mzima, labda wa kwenu."

Fundi alikaa juu ya tairi bovu.

"Mama, si mtaa wa pili tu. Naomba ufike hapa sasa hivi."

Mtanashati aliporudi na chupa zake mbili, mama yake alikuwa ameshafika, anahema mlangoni.

"Mama? Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kurushwa," alisema mama, akajisweka kiti cha nyuma. Gari likashuka kidogo, likatulia.

Fundi alishika usukani, Mtanashati pembeni yake. Wakapita tuta la getini, wakaingia barabara yenye mashimo.

"Vipi huko, mama?"

"Kama niko kitandani. Una mikono, mwanangu."

"Basi springi ziko sawa kwa mtu wa mwili wako," alisema Fundi taratibu. "Akikaa mtu mwepesi ndiyo zitamrusha." Akamgeukia mchumba wake. "Nyuma anakaa nani?"

"Kuna jamaa mmoja wa kazini, mwembamba hivi..."

Simu ya Mtanashati iliita, mlio ukatokea kwenye redio ya gari. Kwenye kioo cha redio jina lilisomeka: Fundi Bomba. Mtanashati alinyoosha mkono, lakini kidole cha Fundi kilitangulia kupokea.

"Baba, dada yako kamaliza gari?" Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka. "Mwambie ajitahidi. Daktari kasema mimba ya miezi saba si ya kurushwarushwa. Jana tumbo lilikaza njia nzima."

Fundi aliegesha gari pembeni.

"Dada yake yupi?" aliuliza mama kutoka nyuma. "Mimi nimezaa mmoja tu, na sasa naona hata huyo alizidi."

Kilichompanda Fundi hakikuwa wivu. Kilikuwa kinyaa. Alikumbuka jinsi alivyolala kwenye mafuta machafu akimlainishia njia mwanamke mwingine, na huyu bwana amesimama pembeni anatafuna karanga, anasema legeza tu, mpenzi.

"Nisikilize," alisema Mtanashati, akimgusa bega.

"Usinishike. Mkono wako unanitia kichefuchefu."

"Nakupenda wewe. Yule ilikuwa bahati mbaya tu, yule..."

"Yule anasikia," alisema Fundi.

Simu ilikuwa bado hewani.

"Kwani wewe ni nani?" iliuliza ile sauti.

"Mimi ndiye fundi. Si dada yake. Nilikuwa mchumba wake mpaka ulipopiga."

"Alisema wewe ni dada yake mkubwa," alisema yule mwanamke. "Alisema una mdomo mchafu, ndiyo maana hawezi kunileta."

"Mdomo ninao. Njoo kesho asubuhi, nitapanga springi ukiwa umekaa mwenyewe. Mtoto hana kosa."

Mama alimgonga mwanawe begani kwa kidole.

"Shuka kwenye gari langu. Tembea, kama nilivyotembea mimi mwezi mzima."

Jioni ujumbe uliingia: "Mpenzi nipe nafasi. Shetani alinipitia."

Fundi akajibu: "Shetani hana gari."

Kesho yake mama, aliyeelekezwa nyumba kwenye simu ile ile, alimleta yule mwanamke mwenyewe. Alikuwa mdogo wa umbo, mikono myembamba, tumbo mbele. Fundi alimkalisha nyuma, akapima kwa futi nafasi kati ya tairi na bodi, akafunga springi laini, akalegeza skrubu ya shokapu. Wakapita mashimo yale yale.

"Sasa?"

"Sasa sawa. Katulia."

Waliporudi gereji, yule mwanamke aliitazama pete iliyokuwa msumarini. Alivua yake, yenye kijiwe cha bluu kama ile, akaitundika juu yake.

Saa sita Mtanashati alifika kwa miguu, viatu vyake vimejaa vumbi.

"Gari liko wapi?"

"Limeenda kliniki. Mama kashika usukani."

"Na mimi?"

"Vitu vyako viko pale msumarini. Chukua uondoke."

Alisogea kwenye msumari, akazishika pete zote mbili, akazigeuza mbele ya mwanga, akazigeuza tena.

"Ipi ilikuwa yako?" aliuliza.

Fundi alichota sabuni ya kuondolea grisi, akanawa mikono mpaka viwiko. Kisha akachota nyingine, akanawa tena.