Waliojifunga Nywele Wenyewe

Kituo cha treni cha Victoria Park, huko ughaibuni, kilifurika watu wenye makoti mazito. Farhat alikuwa akimuaga mama yake aliye Dar es Salaam kwa simu, vitabu vikamponyoka. Kijana mrefu mwenye skafu ya kijani aliinama kuviokota.

"Pole, dada. Nimesikia Kiswahili, miguu ikasimama yenyewe." Akatazama jalada. "Kichina? Mtoto wa Dar wewe?"

"Nasomea historia ya wanawake wa China," Farhat alijibu, macho chini.

Kijana aliitwa Muntazir. Walipeana namba, na tangu siku ile alimpigia kila jioni.

"Haya, profesa wangu, leo wanawake wako wamefanya nini?"

Chumbani kwake mtaa wa Crescent Town, Farhat hakuwa na wa kuzungumza naye. Basi alimsimulia habari za wasichana wa kusini waliofanya kazi ya hariri. Kwa desturi yao, bibi harusi alifungwa nywele kichogoni na wakubwa wake. Hawa walijifunga wenyewe, wakaapa kutoolewa.

"Na wewe je, mpenzi?"

Farhat alicheka tu kwa aibu.

Wiki iliyofuata mama yake alipiga simu, sauti imejaa furaha. "Mwanangu, umeposwa! Shangazi yake Muntazir amenipigia."

Farhat aliketi kitandani taratibu. "Waambie hapana, Mama."

Muntazir akaamini kwamba Farhat amechagua njia ya wale wasichana. Simu zikakoma. Theluji ilianguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Farhat alikunywa chai peke yake dirishani, simu imelala kimya kando ya kikombe.

Mwezi wa Machi Farhat alitoa mhadhara wake wa kwanza chuoni. Wakati wa maswali, skafu ya kijani ilisimama safu ya nyuma.

"Hao wasichana," Muntazir aliuliza kwa Kiingereza, "kuna aliyewauliza wenyewe wanataka nini?"

Farhat alishika meza. "Mara nyingi hapana. Watu waliulizana tu juu yao."

Baada ya mhadhara Farhat alimkuta akimngoja kwenye korido.

"Kwa hiyo hukunikataa mimi?"

"Ulimwambia shangazi, shangazi akamwambia Mama. Mimi nilikuwa pale pale chumbani kwangu, nakungoja uniulize wewe."

Muntazir aliivua skafu, akaikunja, akaikunjua.

"Farhat, wataka tuoane?"

Farhat alimpisha mtu wa mwisho apite.

"Nataka. Sasa mwambie shangazi ampigie tena Mama."