Jibu Alilolitafsiri Muzna

Kila aliporudi kutoka shuleni, Muzna alivua mabuti ya theluji mlangoni, akamwamkia mama yake, kisha akaanza kazi yake ya pili. Alimsomea barua, akampokelea simu. Bi Swafiya, Mwarabu wa Mombasa, alikuwa mgeni bado ughaibuni, katika mtaa wa Phillips, na Kiingereza kilimpiga chenga.

Hata kliniki, Bi Swafiya alikataa mkalimani. "Waswahili wa hapa wanajuana," alisema. "Leo siri yako iko kliniki, kesho iko harusini." Basi Muzna ndiye aliyetafsiri daktari alipouliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua saratani ya titi.

"Mwambie hakuna," mama alijibu upesi.

Muzna akasema hakuna. Daktari akasema kipimo cha titi kinaweza kungoja mpaka mama atimize miaka arobaini.

Jumamosi alikuja mama mkubwa Thuweba kutoka kitongoji cha Saint Louis Park. Muzna alikuwa akimimina chai.

"Mimi nishapimwa mwaka huu," Thuweba alisema. "Tangu titi limuue mama yetu, singoji. Na wewe Swafiya?"

Chai ikafurika sahanini. "Bibi si alipigwa jicho la hasidi?" Muzna aliuliza.

"Jicho gani? Ilikuwa saratani!"

"Thuweba, nyamaza!" mama alifoka.

Muzna alimtazama mama yake kama anayemtazama mtu asiyemjua. Alikuwa akijivunia kumsemea. Kumbe alikuwa akisemeshwa uongo.

"Umenifanya nimdanganye daktari, Mama. Kwa mdomo wangu."

"Nilikuwa nakustiri, mwanangu. Ugonjwa ule hautajwi. Ukijulikana, nani atakuja kukuposa?"

"Ati posa!" Thuweba akadakia. "Mtoto ana miaka kumi na miwili, wewe ushampikia pilau ya harusi!"

Muzna hakucheka. "Sitakutafsiria tena," alisema, akaenda chumbani. Siku zilizofuata alimwamkia mama yake tu, basi.

Mwishowe Bi Swafiya alimgongea mlango. "Nipigie simu kliniki. Waambie nataka mkalimani. Nina jambo la kusahihisha."

Aliposema kweli, hakungojeshwa tena. Alipimwa na mwanamke, faraghani, na kipimo kikaonyesha uvimbe mdogo ambao vidole visingeuhisi. Ilikuwa saratani changa. Ikaondolewa kabla haijaenea.

Walipotoka hospitalini, Muzna alikuwa bado na donge moyoni.

"Nilikudanganya," mama alisema taratibu, "na kupitia kwako nikamdanganya aliyetaka kuniponya. Nisamehe. Sitara ni ya mwili, mwanangu, si ya maradhi. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Muzna akamgeukia. "Na mimi nikikua, madaktari wakiniuliza, niwajibu nini?"

"Wajibu kwamba bibi yako aliugua saratani ya titi. Na mama yako pia."

Ilikuwa mara ya kwanza Bi Swafiya kuutaja ugonjwa ule kwa jina lake.