Hata Mbuzi Angeelewa

"Arop, huyo Nakeno wako ako hapa Kakuma."

Arop alicheka kwenye simu. Dada yake, Apajok, anauza chai huko kwenye kambi ya wakimbizi, na tangu kaka mtu aende chuo Lodwar na kupata mpenzi Mturkana, maneno ya utani hayajamwishia.

"Haiwezi. Leo Jumamosi, ako Lopur kwa ata, nyanya yake. Kila Jumamosi anaenda huko."

"Lopur gani? Nimemwona na hii macho yangu! Ameingia kwa nyumba ya mwanaume. Mkongo fulani, simjui. Mlango umefungwa."

Kicheko kikamkauka Arop mdomoni. Akakata simu, akamwandikia Nakeno ujumbe.

"Babe uko wapi?"

Jibu likaja baada ya muda mrefu: "Niko Lopur kwa ata. Miguu inamsumbua. Network mbaya, tutaongea."

Jamani! Arop alikaa kitandani, simu mkononi, akalisoma jibu hilo mpaka skrini ikazima yenyewe. Msichana ambaye yeye alikuwa tayari kumpeleka kwa mama amemdanganya mchana kweupe.

Jumatatu asubuhi, kabla hajapata nafasi ya kumuuliza lolote, wakaitwa wote wawili ofisini kwa Madam Akoru, mhadhiri wa kalkulasi. Ukiwa mwaka wa kwanza, ofisi ile huiingii kwa furaha. Mezani zilikuwa karatasi zao za mtihani wa CAT, zimelazwa pamoja.

"Ejok, Madam," Nakeno alisalimu.

"Haiko ejok leo. Keti." Madam aliigonga karatasi kwa kalamu. "Hii swali ya limiti, lazima ugawanye kwanza. Darasa yote imegawanya vile tulifundishwa Kenya hii. Nyinyi wawili peke yenu mmeweka kigawanyo upande wa kulia, jibu mkaandika chini yake. Hatua kwa hatua mmefanana. Na mlikaa meza moja. Nani alimwibia mwenzake?"

Nakeno alimtazama Arop, Arop akaitazama meza.

"Hamtaki kusema? Sawa. Nikipeleka hii kwa kamati mnaenda nyumbani wote. Mmoja akikubali, ataenda peke yake."

Arop aliinama juu ya zile karatasi, na damu ikampanda kichwani. Ile ilikuwa njia yake! Alifundishwa kambini akiwa mdogo, na mwalimu aliyemfundisha alihamishiwa upande mwingine wa kambi, wakapoteana. Lodwar nzima hakumjua mwingine anayegawanya hivyo. Wala yeye hakuwahi kumwonyesha Nakeno, maana siku aliyojaribu kumfundisha limiti, pale kando ya mto Turkwel, hawakufika mbali. Arop alichoka kurudia. Akamwambia, "Nakeno, hata mbuzi angeelewa!" Nakeno alifunga kitabu, akajipangusa mchanga, na tangu siku hiyo hakumuuliza hesabu tena.

Kwa hiyo amedanganya kwa mapenzi, sasa ameiba na majibu. Wivu ukajibu kabla ya akili.

"Ni yeye, Madam. Aliniibia mimi."

Nakeno aligeuka taratibu.

"Arop?"

"Si ni ukweli? Wewe limiti unajua?"

"Arop, ni mimi unasema hivyo?"

"Nyamazeni!" Madam alimrushia Nakeno kalamu ya ubao. "Simama. Eksi kyubu toa ishirini na saba, gawanya kwa eksi toa tatu. Nataka limiti eksi ikikaribia tatu. Sasa hivi."

Nakeno alifuta machozi kwa kiganja, akaenda ubaoni. Akachora mstari wake, kigawanyo kulia, jibu chini yake. Hakusita popote. Alipobakiwa na sifuri aliweka tatu mahali pa eksi, akaandika 27, akaizungushia kisanduku, akarudisha kalamu mezani kwa adabu.

Arop alipigwa na butwaa. Madam mwenyewe alivua miwani.

"Nani alikufundisha hii?"

"Sitaki kusema mbele ya huyu."

"Utasema, ama nipeleke hizi karatasi."

Nakeno alitoa simu yake, akabonyeza jina moja, akaweka sauti ya nje. Iliita kidogo tu.

"Allô? Nakeno, binti yangu! Ule mutihani ulienda namna gani?"

Arop alishika kiti. Sauti ile angeitambua hata usingizini.

"Mwalimu Onésphore?"

"Ni nani anasema?"

"Ni mimi, mwalimu. Arop. Wa darasa ya hema."

"Arop! Mutoto yangu! Uko na huyu binti? Mungu ni mukubwa! Huyu anakuja kwangu kila Jumamosi. Mama watoto anatufungia mulango sababu ya vumbi, anamupa chai, tunagawanya mupaka anaelewa. Siku ya kwanza alilia, weh! Alisema: mwalimu, kuna kijana ninamupenda, lakini anafundisha mbio, tena ananitukana. Nilimuuliza jina ya huyo kijana. Alikataa kabisa. Alisema hataki nimuwazie mubaya."

Arop alihisi masikio yanawaka moto. Msichana huyu alilificha jina la Arop kwa mtu wa mbali, naye Arop la msichana amelitupa mbele ya mhadhiri.

"Arop, ungali kwa simu? Kijana yenyewe ni wewe?"

Angeweza kukata. Madam alikuwa anamtazama, Nakeno alikuwa anatazama sakafu.

"Ni mimi, mwalimu," alisema, na machozi yakamtoka mwanaume mzima. "Madam, hakuna aliyeiba. Mwalimu wetu ni mmoja. Nimesema uongo kwa sababu ya wivu."

Madam alizikusanya zile karatasi, akazirudisha kwenye rundo pamoja na nyingine.

"Tokeni ofisini kwangu. Hayo mengine si hesabu."

Nje, jua la Lodwar lilikuwa limeshapamba moto. Nakeno alitangulia, Arop nyuma yake.

"Nakeno, nisamehe. Ulienda kwa mwalimu sababu ya maneno yangu?"

"Si uliniambia ulielewa hesabu kwake? Nikasema na mimi nitaelewa. Nikauliza watu wa kambi mpaka nikampata."

"Na ata wa Lopur?"

"Ata ako. Lopur si mbali na kambi, nikitoka kwa mwalimu ndio nalala kwake."

"Niambie nifanye nini. Chochote."

Alisimama. Macho bado mekundu, lakini pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu.

"Leta mbuzi."

"Mbuzi?"

"Si ulisema mbuzi anaelewa? Mlete kwa boma la ata, Lopur, Jumamosi. Ukuje na Apajok na mwalimu Onésphore."

"Nitaleta. Hata wawili."

"Arop, unajua kijana akiingiza mbuzi kwa boma la ata na watu wake nyuma, wazee wa msichana wanaelewa nini?"

Arop alihesabu kwa vidole: mbuzi, dada, mwalimu. Safari hii aliyechelewa kuelewa alikuwa yeye. Nakeno akasubiri, na hakumharakisha.