Daftari Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi, kabla ya chai, Diane alitundika kadi kwenye kamba sebuleni: nyeupe za Kinorwe, njano za Kirusi. Mdogo wake Ninahazwe, msichana wa miaka kumi na miwili, aligonga kadi moja kwa mwiko. Diane akipatia maana ya neno, kadi ilishushwa. Akikosea, ilibaki ikining'inia.

Diane alikuwa ameomba nafasi katika chuo kikuu kimoja huko Norwe, asome lugha hizo mbili kwa pamoja. Kinorwe alijifunza kwenye kompyuta ya duka la simu la Alain, mtaani Overport. Kirusi kilitoka kwa marehemu baba yao, Salvator, aliyekisoma ng'ambo ujanani. Alikuwa ameacha daftari la buluu, kila neno na maana yake kwa Kirundi. Hata alipobeba mizigo kwenye ghala la Mobeni, alilisoma wakati wa chakula.

Asubuhi moja ya Aprili 2013 kamba ilikuwa tupu. Saa nne walimu wa chuo wangemhoji Diane kupitia kompyuta, na walitaka kuona daftari alilojifunzia. Sasa ilikuwa saa tatu, na daftari halionekani.

"Jana nililiweka juu ya friji!" Diane alisema, karibu kulia.

Mama alikung'uta mashuka, akapekua hata ndoo ya unga. Ninahazwe alichungulia chini ya meza ile ile mara tatu. Alijua lilipo.

Katika fleti yao ya Berea waligawana sebule kwa pazia na Henriette, msusi kutoka Kongo, ambaye Ninahazwe alimwita tantine, yaani shangazi. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: hakuna kuvuka pazia bila hodi. Ndiyo maana Ninahazwe alilificha huko, chini ya katoni ya nywele za kusukia. Diane akishindwa, aliwaza, hataondoka.

Lakini leo Mama alivuka. Aliinua katoni, akatoka na daftari mkononi. Papo hapo Henriette akaingia na mkate.

"Henriette! Daftari la marehemu linafanya nini kwako?"

"Mama Diane, umevuka pazia langu?"

"Nijibu kwanza!"

"Mi nifanye nini na Kirusi? Nisukie watu?" Alicheka peke yake, kicheko kikakatika. "Eish! Miaka mitatu tunakula sahani moja, leo mi mwizi?"

"Funga mizigo. Leo hii."

Henriette aliweka mkate mezani, akaanza kukunja nguo zake moja moja. Ninahazwe aliitazama mikono ile. Ilimsuka bure kila Jumapili. Ndiyo iliyomshika siku ya mazishi ya Baba. Diane alikuwa amelichukua daftari kwa Mama na alikwisha fika mlangoni. Angenyamaza tu, yangekwisha, na Henriette angeondoka na jina la mwizi.

"Ni mimi," alisema. "Mama, ni mimi niliyelificha. Sikutaka Diane aende. Baba naye, alipokwenda hospitali, alisema atarudi."

Mama alikaa chini. Diane akarudi kutoka mlangoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia."

"Ningelia, halafu tungezungumza." Akatazama saa. "Njoo. Utanishikia daftari."

Walikimbia hadi duka la Alain. Saa nne kamili nyuso za walimu zilitokea kwenye kompyuta. Kwa nini lugha mbili kwa pamoja? Diane alijibu kwa Kinorwe, kisha Ninahazwe akafungua daftari, na Diane akasoma ukurasa wa Baba kwa Kirusi bila kukwama.

Walipofika nyumbani, begi la Henriette lilikuwa limefungwa. Mama alisimama mbele ya pazia na mkono wa Ninahazwe mkononi mwake.

"Hodi," alisema Mama. "Nimekukosea."

"Hodi, tantine," alisema Ninahazwe. "Nisamehe."

Kisha zipu ya begi ikafunguliwa.

"Karibuni," alisema Henriette. Alimvuta mtoto karibu. "Kuogopa si dhambi, Nina. Mtu anaogopa, anasema. Lakini woga ukiuficha kwa mwenzako, siku ukionekana, ni yeye anayeumia. Umeelewa?"

"Ndiyo, tantine."

Barua ya kukubaliwa ilikuja mwezi wa Juni, na Ninahazwe ndiye aliyeipokea. Alilia kwanza, kisha akaipeleka kwa Diane.