Aliona Mashine Kabla ya Kabati Kufunguka

"Shikilia hapo hapo. Springi hii ikiruka tutaitafuta mpaka tuote mvi."

"Nimeshika, Fundi wangu. Lakini filamu nayo itajitazama yenyewe?" aliuliza Mpiga Picha, mchumba wa Fundi.

Fundi alikuwa ameuma bisibisi nyembamba kwa meno, na vidole vyake vilikuwa ndani ya tumbo la mashine ya taipu, vikipapasa. Ilikuwa mashine ndogo ya mkobani, ya marehemu baba yake. Ilikuwa nzima isipokuwa herufi moja, A. Ukiibonyeza, mkono wake unapanda, unagonga karatasi, halafu unabaki huko huko juu kama mgeni asiyejua kuaga. Na kadi ya harusi haiandikiki bila A.

Pembeni, kwenye sofa, Shangazi alikuwa anashona vifungo.

"Mwacheni huyo A apumzike," alisema. "Mmeniita nitazame filamu, sikuja kuhudhuria upasuaji."

Fundi alicheka, akaziweka springi na skrubu kwenye kifuniko cha chupa, akafuta mikono. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la bluu, lile ambalo hulivai ukijua utashika mafuta. Lakini alikuwa na furaha, na mwenye furaha hana tahadhari.

Filamu yenyewe ilikuwa na historia. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za taipu na mpenzi wa filamu za majasusi za zamani. Risasi hazikumshughulisha, yeye alitazama meza. Alisema palipo na jasusi pana ofisi, na palipo na ofisi pana mashine. Akiiona, anasimamisha kanda na kumwuliza binti yake: "Ile ni ya aina gani?" Fundi alizijua mashine kwenye skrini kabla hajaruhusiwa kushika bisibisi.

Mzee alipofariki aliacha sanduku la kanda. Moja ilikuwa bado kwenye nailoni yake. Walipanga kuitazama pamoja akitoka hospitali, na hakutoka.

Mpiga Picha aliingia karakanani miaka miwili nyuma, akitafuta taipu ya kupambia studio. Alikuja kwa mashine, akabaki kwa filamu, kisha akabaki kwa Fundi. Wakawa na mchezo wao: wa kwanza kuiona mashine anapiga kelele "Ile!" na kuitaja. Katika miaka hiyo miwili, Mpiga Picha hakushinda hata siku moja. Macho ya kazi alikuwa nayo, ila mashine zilimpita kama gari la mkubwa.

Deki ilipokufa, yeye ndiye aliyezichukua kanda kuzihamishia kwenye flashi kule studio. Fundi alimsihi jambo moja tu. Ile ya nailoni aihamishe, ila asiitazame. Wataitazama pamoja siku watakayopanga tarehe ya harusi.

"Nitaigeuzia skrini mgongo," aliapa Mpiga Picha.

Basi siku yenyewe ilikuwa hiyo, Jumapili, jua likiwa bado kali nje ya pazia.

Jasusi aliingia hotelini, mwanamke mwenye koti la kijivu. Mapokezi palikuwa na maua makubwa yaliyoficha nusu ya kaunta.

"Ile!" Mpiga Picha aliruka. "Nyuma ya maua! Ya mezani, roli ndefu ya karatasi, ya mahesabu!"

Fundi alisogea karibu na televisheni, akakodoa.

"We! Umeionaje? Mimi naona maua tu."

"Mapenzi yanafungua macho."

"Mapenzi hupofusha, mwanangu," Shangazi aliingilia. "Wewe umemeza dawa."

Wakacheka wote watatu. Simu ya Mpiga Picha ikatetemeka juu ya meza. Kwenye kioo palisomeka: FUNDI BOMBA. Akaigeuza kifudifudi.

"Hupokei?" Fundi aliuliza.

"Kuna bomba linavuja studio. Atasubiri."

Dakika chache mbele, jasusi alipita kwenye korido ya ofisi, milango ikiwa wazi.

"Ile! Chumba cha tatu, dirishani, vitufe vyeupe!"

"Aa, leo unaniaibisha!" Fundi alisema, lakini alikuwa amefurahi. Aliwaza kwamba mtu huyu sasa amejifunza kutazama kama yeye. Moyo ukamjaa.

Simu ikatetemeka tena. Fundi Bomba alikuwa na haraka.

Kwenye skrini, jasusi aliingia chumbani, akafunga mlango. Akainama, akachungulia uvunguni. Hapakuwa na kitu. Akasogea kwenye kabati la nguo, akaweka mkono kwenye kitasa.

"Ile!" Mpiga Picha alipiga kelele. "Ya mkobani! Ndogo, nyeusi, kama hii ya marehemu!"

Kabati lilikuwa bado limefungwa.

Sindano ya Shangazi ilisimama katikati ya kifungo. Fundi alinyoosha mkono kwa rimoti, taratibu, akabonyeza. Picha ikaganda. Mlango wa kabati ulikuwa umefunguka upenyo kama wa kidole, na ndani palikuwa giza.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Mashine."

"Nimebahatisha tu, mpenzi. Kabati, jasusi..."

"Umebahatisha na rangi?"

Fundi hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Mashine ikiletwa karakanani huwa haamini maneno ya mwenyewe wala hayakatai, anaanza na skrubu iliyo karibu.

"Labda ulichungulia wakati unaihamisha," alisema kwa upole. "Binadamu ana udhaifu wake. Kama ni hivyo sema, nitaumia kidogo, nitasamehe, tutaendelea."

"Ndiyo. Nilichungulia. Nisamehe."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Na nani tena?"

Fundi aliinamisha kichwa. Alitaka sana kuliamini jibu hilo. Alilizungusha moyoni kama skrubu, likakataa kuingia.

"Mtu akitazama peke yake hapigi kelele 'Ile'," alisema. "Ananyamaza, anatazama. Wewe leo unaruka kabla ya picha. Miaka miwili hujawahi kuniwahi. Mtu hajifunzi kuwahi bila kuwa na wa kushindana naye."

"Fundi wangu, unatengeneza..."

Simu ikatetemeka mara ya tatu, ikazunguka juu ya meza kama mende aliyelala chali.

"Pokea," Fundi alisema. "Weka sauti."

"Ni fundi bomba tu."

"Pokea, baba," Shangazi alisema bila kuinua macho. "Studio isije ikajaa maji."

Alipokea, akabonyeza sauti ya nje kama mtu anayevua nguo kwa amri. Ilitoka sauti ya mwanamke, changa, yenye wasiwasi.

"Umeshamwambia? Ulisema leo unamwambia mapema. Mbona kimya? Unanitesa."

Fundi ndiye aliyejibu.

"Bado hajaniambia, dada. Lakini nimesikia."

"Dada... samahani. Mimi nilidhani... Aliniapia kwamba..."

"Najua. Hata mimi aliniapia. Nikuulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Mlipotazama, ulipata mashine ngapi?"

"Ngapi... aa. Ule mchezo." Sauti ilipungua. "Saba. Yeye nne."

"Ile ya kabatini uliiona wewe?"

"Hapana. Hiyo aliniwahi yeye. Alifurahi kama mtoto."

"Ahsante, dada. Kaa salama."

Fundi aliikata simu mwenyewe, akaiweka mezani kwa utaratibu, kioo juu.

"Nilikuja kukwambia," Mpiga Picha alisema. "Naapa..."

"Usiape."

"Nilikuja kukwambia. Nikakukuta umevaa gauni hili, unatengeneza mashine ya kadi. Nikasema ngoja, baada ya filamu."

"Baada ya filamu ungesema baada ya kadi. Baada ya kadi, baada ya harusi."

Hakukanusha. Fundi alikuwa amesubiri akanushe.

"Unampenda?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Mpiga Picha alitazama lile kabati lililoganda kwenye skrini, kana kwamba jibu lingetoka humo.

"Wewe nakuheshimu sana."

"Heshima!" Shangazi aliruka. "Heshima mpe hakimu! Miaka miwili unakula nyumba hii, unaniita mama mkwe mbele za watu, leo unatuachia heshima kama chenji?"

"Mwache, Shangazi."

"Simwachi! Na mapenzi yalimfungua macho, ee? Kumbe ni ile dawa niliyosema!"

"Shangazi, tafadhali."

Shangazi akaanza kukaza uzi kwa nguvu mpaka ukakatika.

"Niambie jambo moja tu," Fundi alisema. "Sanduku zima la kanda lilikuwa kwako. Ungeweza kumfundisha mchezo kwa nyingine yoyote. Kwa nini hii?"

Mpiga Picha alisema kweli, na ilikuwa kweli yake nzima ya kwanza kwa siku hiyo.

"Zile nyingine zote nilishashindwa na wewe. Kila nikiiona mashine nakusikia unaitaja. Nilitaka moja ambayo wewe humo."

"Baba yangu yumo."

"Sikulifikiria hilo."

"Najua hukulifikiria."

Mpiga Picha alisimama. Alitafuta mahali pa kuweka mikono, akaishia kuitazama flashi kule ilikochomekwa kwenye televisheni, akataka kuichomoa.

"Iache," Fundi alisema.

"Nitakuletea na kanda zenyewe kesho."

"Mpe mtu alete."

"Fundi wangu..."

"Hilo jina nalo liache hapa. Mlango unakwama chini, uinue kidogo ukivuta."

Aliuinua, akavuta, akatoka. Mwanga wa jua uliingia chumbani kwa ghafla, ukaifuta picha kwenye televisheni, kisha mlango ukajifunga na kabati likarudi palepale, na upenyo wake wa kidole.

Shangazi alitia uzi mpya kwenye sindano.

"Tuimalizie?" Shangazi aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuijua. "Mimi sikuisikia hiyo mashine, mwanangu. Nilikuwa naangalia kifungo. Tutaiona sote upya."

"Hapana, Shangazi. Nimeshaambiwa. Ndogo, nyeusi, kama ya Baba."

"Na yule mwanamke wa koti? Anapona?"

"Sijui. Wanaojua ni wawili."

Alirudi kwenye meza ya kazi kwa sababu hakuwa na pengine pa kurudi. Alivuta kifuniko cha chupa, akachukua springi kwa koleo, akajaribu kuinasa kwenye ndoano yake. Iliteleza. Akajaribu tena, machozi yakamziba macho, haikunasa. Hakuwa na mtu wa kumshikilia upande wa pili.

Shangazi aliweka shati chini, akaja, akanyoosha kidole kilichochomwachomwa na sindano.

"Nishike wapi?"

"Hapo. Lakini sioni, Shangazi. Mwanga umepungua."

Mwanga haukuwa umepungua, na Shangazi hakusema hivyo.

Fundi alibonyeza A mara moja. Mkono ukapanda, ukagonga roli tupu isiyo na karatasi, ukabaki juu. Hakuushusha. Akazirudisha springi na skrubu kwenye kifuniko, akaifunika mashine kwa kitambaa, na kitambaa kikainuka kidogo pale katikati, juu ya ile herufi.

"Kesho," alisema.

"Kadi za nani tena, mwanangu?"

"Mashine ni ya Baba, Shangazi. Haiwezi kubaki hivi."