Sekunde Mbili za Kimya

Injinia Leokadia Kunambi alikuwa na mswaki mdomoni, povu limejaa, na wakati huohuo alikuwa akimsalimia mama mkwe wake kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Za kuamka? Mguu umepoa? Na baba, amelalaje?" Sauti ilikuwa yake, hata kile kicheko chake kifupi kilikuwamo, ila ilitoka kwenye simu iliyolala pembeni ya sinki. Mama mkwe aliitikia, naye akauliza habari za wajukuu, za kazi, za mvua ya Morogoro, akajibiwa moja baada ya nyingine. Dakika nne zikapita hivyo. Kisha simu ikatetema na maandishi yakatokea: Salamu zimekamilika. Wote wazima. Anaulizia Jumapili. Leokadia akatema povu, akasukutua, akaichukua simu. "Ndiyo mama, Jumapili tunakuja wote," akasema, na mazungumzo yakaisha kwa nusu dakika.

Chombo hicho kiliitwa Msalimiaji, na aliyekitunga ni Leokadia mwenyewe. Sisi tunajuana bwana. Hata mwaka 2088, magari yakiruka na maroboti yakifagia barabara, huwezi kumpigia mtu simu ukamtupia shida yako kabla hujamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na za mbuzi kama anao. Ukiyaruka hayo, utaambiwa hukulelewa. Msalimiaji alijifunza sauti ya mwenye simu, akajua nani hupewa shikamoo na nani huulizwa mambo vipi, akasalimia kwa niaba yake, kisha akampisha mwenyewe aingie kwenye jambo lenyewe. Watu waliomjaribu walimpenda kupita kiasi.

Lakini bado alikuwa kwenye majaribio. Simu milioni kumi na moja ziliendeshwa na mfumo uitwao Jamvi, na Jamvi halikuwa mali ya kampuni yoyote. Msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta yanayouendesha, ulikuwa wazi kwa kila mtu. Anayeweza kuusoma aliusoma, na anayeweza kuurekebisha alirekebisha. Msimbo uliokubaliwa na wote uliitwa shina, na kila simu ilichota humo. Mtu mwenye wazo jipya alichipuza tawi lake pembeni, akalilea mpaka likomae, kisha akaliomba baraza la Jamvi liliunganishe na shina. Mwaka huo matawi mawili yalikuwa yamekomaa kwa pamoja. La kwanza ni la Leokadia, lenye Msalimiaji. La pili liliitwa Tawi Jepesi, na mlezi wake alikuwa Mihayo Kasanda, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wa Leokadia kwa kabila na kwa kazi. Tawi Jepesi halikuwa na msaidizi wa aina yoyote: simu inaita, mtu anapokea, wanaongea, basi, na betri inakaa siku tisa. Yote mawili yalibadilisha sehemu ileile ya msimbo, pale simu inapofunguka, kwa hiyo moja tu lingeingia shinani. Leokadia alikuwa amemlea Msalimiaji kwa miaka sita. Lisipopita tawi lake, miaka hiyo ingebaki pembeni.

Baraza lilikuwa na desturi yake. Wiki moja kabla ya kura, walezi wawili hubadilishana matawi: kila mmoja anahamishia namba yake kwenye simu ya mwenzake, anaishi nayo siku saba, na siku ya kura anasimama kulisemea tawi la mpinzani, si lake. Waanzilishi waliweka utaratibu huo baada ya ugomvi fulani wa matawi uliofika mpaka polisi.

"Chukua, mtani," Leokadia alimwambia Mihayo akimkabidhi simu. "Na uiweke mfukoni. Usije ukaibeba kichwani kama babu zako wapagazi."

"Na wewe hiyo yangu usiipeleke kwa mganga," Mihayo akajibu. "Ikinyamaza, ujue ni zamu yako kuongea."

Siku mbili za mwanzo zilimchosha Leokadia. Kila simu ilimlazimu aanze na shikamoo mpaka mwisho, na mara mbili alijikuta anasubiri maandishi yatokee. Siku ya tatu akampigia dada yake, Asteria, aliyekuwa akilima mboga kule Mgeta milimani. Walikuwa wakiongea karibu kila siku, tena vizuri: mbegu za karoti, bei ya kabichi, ubatizo wa nani. Safari hii alitaka kumuuliza kama angekuja Jumapili.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Za huko?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na bustani?"

"Inaendelea, tunashukuru Mungu."

"Na wewe mwenyewe?"

Asteria akanyamaza. Leokadia aliitazama simu. Mtandao ulikuwa safi, jogoo wa Mgeta anasikika akiwika. "Salama," Asteria akasema mwishowe.

Mdomo wa Leokadia ulishafunguka kuuliza habari za Jumapili, ila kile kimya kikamzuia. "Salama kweli, dada?"

"Salama kidogo." Kisha, polepole: "Jicho la kushoto, mdogo wangu. Halioni. Lilianza wakati wa Kwaresma."

Ilikuwa Oktoba.

Kesho yake asubuhi Leokadia alipanda gari la angani, akamteremsha dada yake mpaka hospitalini mjini. Daktari aliyapima macho yote mawili, akasema ni presha ya macho, ugonjwa usio na maumivu makali, unaokula taratibu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda na halirudi. La kulia lilikuwa limeanza kushikwa, lakini limewahiwa. Kwa matone ya kila siku litamfikisha uzeeni. Daktari akaanza kusema, "Mngekuja mwezi wa nne," halafu akaamua kuandika dawa tu.

Kabla usiku haujafika, Leokadia alifungua kwenye kompyuta yake daftari la Msalimiaji, linalohifadhi kila salamu. Tangu Kwaresma alikuwa amempigia Asteria mara mia mbili na tatu. Mara mia mbili na tatu Msalimiaji aliuliza kwa sauti ya Leokadia, "Na wewe mwenyewe?" na kila mara Asteria alinyamaza kwanza. Sekunde tatu. Sekunde nne. Siku moja ya Juni, sekunde saba. Lakini kimya hicho hakikufika popote, maana kila mara kilikatwa, likabaki neno "salama" peke yake, na neno hilo likaandikwa: Dada mzima.

Aliutafuta mstari uliokikata, akaupata. Kimya kinachozidi sekunde mbili kihesabiwe kuwa hitilafu ya mtandao, kiondolewe. Pembeni palikuwa na jina la mwandishi: L. Kunambi. Chini yake majina ya wakaguzi saba, wote watu wa huku, waliozaliwa katika salamu na watakaozikwa nazo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu. Nani asiyejua kwamba kwetu hata mgonjwa mahututi huanza na "nzuri"? Ukweli huja raundi ya tatu, ukiulizwa tena. Wote nane walilijua hilo, na kwa kuwa walilijua mno, hakuna aliyekumbuka kuliandika. Leokadia alijionea aibu.

Jumamosi ukumbi wa baraza ulijaa. Mihayo alisimama wa kwanza kulisemea tawi la mwenzake, na lahaula, alilisemea kwa moyo wote.

"Ndugu wajumbe, mnajua mimi nilikuja kupinga," alisema. "Wiki hii nimesalimia ukoo mzima wa Tabora huku nimelala kwenye kochi. Shangazi yangu amenisifu kwamba siku hizi nina adabu. Mimi nasema tawi hili lipite, na langu mliache."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kura ilikuwa imeshaegemea upande wa Msalimiaji. Leokadia angeweza kusimama, akalisifu Tawi Jepesi kwa maneno mawili ya heshima, akakaa, na jioni akarudi nyumbani mshindi.

"Kilio huanza mfiwa," alisema akisimama. Akawaeleza yote: jicho, Kwaresma, mara mia mbili na tatu, na mstari wenye jina lake.

Mjumbe mmoja akanyoosha mkono. "Pole sana, injinia. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Dada angesema."

"Hakuficha," Leokadia akasema. "Alikuwa anasubiri kuulizwa tena. Hata wewe ungesubiri."

"Basi tuurekebishe huo mstari," mwingine akashauri. "Msalimiaji akikuta kimya, aulize tena yeye."

Leokadia alikuwa ameshaliwaza hilo siku nzima ya Ijumaa. "Ataweza," akakiri. "Ataweza vizuri kuliko mimi, nami sitauliza tena kamwe. Ndiyo maana naomba tawi langu libaki pembeni, anayelitaka alichote kwa hiari yake, na la Mihayo liwe shina."

Bi Zamda, mwenyekiti, akaitisha kura. Tawi Jepesi likapita kwa tofauti ya kura tatu. Mihayo alimfuata mlangoni, uso umemshuka.

"Umenishinda kwa tawi langu mwenyewe, mtani. Aibu hii nitaipeleka wapi?"

"Ibebe kichwani," Leokadia akamwambia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka.

Asteria alibaki mjini mwezi mzima kwa ajili ya matone. Siku moja walikuwa jikoni wanachambua maharage, Asteria akiinamia sinia kwa jicho lake moja na vidole vyenye ujuzi, Leokadia akamsimulia habari za kura, na kwa mara ya kwanza akamweleza kwamba miezi yote ile aliyekuwa akimsalimia ni mtambo.

"Nilijua," Asteria akasema.

"Ulijua lini?"

"Wiki ya kwanza. Aliniuliza habari za mbuzi. Wewe hujawahi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Yeye alikuwa analeta simu kila siku. Kabla yake wewe ulikuwa unapiga Pasaka na Krismasi."

Leokadia akaweka chini kiganja cha maharage. "Sasa kama ulimjua, si ungemwambia habari ya jicho? Angenifikishia."

"Habari kama ile humwambii mtambo, mdogo wangu. Nilikuwa nanyamaza ili uingie wewe, uniulize."

Leokadia alilia palepale, bila kujificha, na dada yake akamwacha alie, akaendelea kutoa mawe kwenye maharage mpaka yakaisha.

Kesho yake saa nne, akiwa kazini, Leokadia aliipigia nyumba yake mwenyewe, ambako alikuwa ameondoka saa mbili tu zilizopita. Asteria akapokea. Wakasalimiana dakika tisa nzima, na baada ya hapo hapakuwa na jambo lolote lingine la kuzungumza.